Nyumba Isiyoulizwa Sufuria

Mjukuu wangu alikaa kwangu Nyahanga, hapa Kahama, majuma matano, na aliondoka kwa sababu ya neno nililomwambia mimi mwenyewe. Ningenyamaza angekuwa hapa bado, au walau angekaa mpaka mvua. Sisemi haya nihurumiwe. Nasema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Alikuja karanga zimeshavunwa, na basi la asubuhi kutoka Geita. Begi mgongoni, na mkononi boksi dogo la plastiki ambalo hakukubali kondakta aliguse. Sikuwa nimemwona tangu Krismasi ya mwaka juzi. Nilimlea mimi. Mama yake, binti yangu wa pekee, alifariki yeye akiwa na miaka minne, na tangu siku ile mpaka anakwenda shule ya bweni alilala kitandani kwangu, upande wa ukutani, amenikumbatia mkono kama vile mtu atakuja kuuchukua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekonda. Hicho nini?"

"Kazi yangu."

"Kazi ndogo hivyo?"

"Ndogo ndiyo inayosumbua, bibi."

Boksi lile lilikuwa la kupima hewa. Huku kwetu hakuna asiyejua maduara ya dhahabu, yale mashimo wanayoshuka wachimbaji wadogo kwa kamba. Hewa ya chini ikiharibika haipigi hodi. Mtu analegea kama aliyeshikwa na usingizi, na anayeshuka kumtoa analegea vilevile. Zamani walitanguliza kibatari. Kikizimika, hashuki mtu. Sasa boksi ndilo lingetangulia. Lingening'inizwa chini, lipime, lionyeshe namba kwenye kioo kidogo, na hewa ikiwa mbaya lipige kelele. Kikundi kimoja cha wachimbaji kule Geita kilikubali kulijaribu. Lakini lilikuwa na ugonjwa. Linafanya kazi siku tatu, siku ya nne linaganda. Kioo kinabaki na namba ya mwisho, namba nzuri ya hewa safi, na lenyewe limeshakufa.

"Kwa hiyo linadanganya," nilimwambia.

"Linadanganya. Ndiyo maana nimelitoa huko. Kwako kuna utulivu. Nikilitibu, narudi nalo."

Nikilitibu, narudi nalo. Maneno yale niliyasikia vizuri sana. Nikaenda kuchemsha michembe, viazi vyetu vya kukausha.

Alifanyia kazi barazani, kwenye meza ninayokatia mboga. Kompyuta upande mmoja, boksi upande mwingine, na waya katikati. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu nikibangua karanga. Tulikuwa hivyo siku nzima, siku nyingi. Mtu akipita barabarani aliuliza, "Bibi, umepata mgeni?" Nikamjibu, "Mgeni gani? Huyu ni wa hapa." Jioni alifunga kompyuta, akanipaka mafuta miguuni bila kuombwa. Nyumba yangu ilikuwa na miaka haijasikia mtu anapiga mluzi bafuni.

Juma la pili nilimuuliza huo ugonjwa ni ugonjwa gani. Akaanza kunieleza kwa maneno ya shuleni kwao. Nikamwambia, mimi niliishia darasa la tatu, nieleze kama unamweleza mtu.

Akaacha kuandika, akanigeukia. Akasema kompyuta ina nafasi yake ya kuwekea vitu wakati inafanya kazi, na nafasi ile ina mwisho. Programu ya boksi kila ikipima hewa inaazima nafasi kidogo, inaweka kile kipimo, ikimaliza inatakiwa kuirudisha. Sasa mahali fulani inaazima na hairudishi. Kidogo kidogo, siku tatu, nafasi imekwisha. Programu inaganda.

"Kama masufuria ya msiba," nikamwambia.

Akacheka. "Masufuria gani tena?"

Alikuwa mdogo mno, hakumbuki. Kule Ushetu tulikotoka, kwenye tumbaku, mimi nilikuwa mtunza vyombo wa kikundi cha kufa na kuzikana. Miaka kumi na mbili. Masufuria makubwa, masinia, ndoo, miiko, vyote vilikaa stoo kwangu, kila kimoja nimekipaka alama ya rangi nyekundu chini ya kitako. Msiba ukitokea natoa. Watu wakianza kutawanyika nasimama njiani penye uwazi wa uzio, mwanamke hapiti bila kuulizwa. Waliniita askari. Wengine waliniita jina baya zaidi, nalo nililisikia.

"Basi na mimi ninaye wa kusimama uziani," akasema mjukuu wangu, na macho yake yakawaka. "Nina mkaguzi."

Nikamwambia anieleze huyo mkaguzi, maana huyo nilimwelewa kabla hajaelezwa. Akasema programu yake anaiandika kwa maneno, halafu maneno yote yanageuzwa kwa pamoja kuwa lugha ya mashine. Wakati wa kugeuza anaagiza mkaguzi aingizwe humo ndani. Programu ikifika mwisho, mkaguzi anasimama na kuuliza: nani aliazima, nani hakurudisha. Asiyerudisha anatajwa, na njia aliyopita inatajwa yote, nani alimwita nani mpaka kitu kikachukuliwa. Na kwa kuwa programu ya boksi haina mwisho, hiyo inapima tu usiku na mchana, alikuwa ameiandikia mahali pa kumwita mkaguzi katikati ya kazi.

"Na kitu ambacho bado kinatumika?" nilimuuliza. "Anakiuliza?"

"Hapana. Kama yupo anayekishika, anakiacha. Anauliza kile ambacho hakuna tena anayejua kiko wapi."

"Ana akili huyo. Sufuria ambalo mtu bado anapikia halijapotea, limechelewa. Sasa anasemaje?"

Uso ukamshuka. "Anasema hakuna kilichopotea. Hapo ndipo ninapochoka. Nafasi inapungua, naiona kwa macho yangu, na mkaguzi ananiambia kila kitu kipo."

Siku zikaenda. Kila akibadilisha neno moja, lazima aigeuze programu yote upya, na kompyuta yake ilikuwa nzee, inapumua kama mbuzi mwenye kikohozi. Wakati inageuza yeye hakuwa na kazi. Alikuja kukaa chini kwenye mkeka, akachota karanga zangu, akabangua na mimi. Hizo dakika ndizo zilizokuwa zangu. Aliniuliza mama yake alikuwa anacheka vipi. Nikamwonyesha: anaziba mdomo kwanza, halafu anaachia. Akajaribu. Hakupatia, lakini mabega yake yalipatia. Kompyuta ikimaliza inalia tii, anainuka. Niliichukia ile tii.

Juma la nne, siku moja tukiwa kwenye mkeka, nikamuuliza jambo lililokuwa linanisumbua.

"Huyo mkaguzi wako, anaweza kunyamazishwa?"

"Anaweza. Naweza kumzima kabisa. Au naweza kumpa orodha ya wasioulizwa."

"Umempa?"

"Nimempa jina moja tu. Programu ya kile kioo. Ile sikuiandika mimi, nimeichukua kwa watu. Ikiwashwa inachukua vitu vyake vichache na inakaa navyo mpaka mwisho, hairudishi. Havina madhara, havizidi. Lakini mkaguzi alikuwa anavipigia kelele kila mara, ukurasa mzima, mpaka sioni vya kwangu. Nikaandika jina lake kwenye orodha: chochote kilichopita nyumba hii, usiulize."

Mkono wangu ulisimama. "Chochote alichochukua yeye, au chochote kilichopita kwake?"

"Chochote ambacho kwenye njia yake jina hilo limo."

Kompyuta ikalia tii. Akainuka. Mimi nilibaki na karanga moja mkononi, sijaibangua, na nilikuwa nimeshajua.

Nilijua kwa sababu kosa lile ni langu. Kwetu nyumba ya wafiwa haiulizwi sufuria. Mtu ana maiti ndani, au ametoka kuzika, humwendei kumwambia lete sinia. Unangoja mpaka matanga yaanuliwe, na kama kimebaki kijungu cha maji ya kuoga unakiacha kabisa. Ni heshima. Basi nilipopewa stoo, kwa ukali wangu wa kutaka sheria ieleweke, nilisimama kwenye mkutano nikasema: chombo chochote kilichopita mlango wa wafiwa, hakiulizwi. Wanawake wakaitikia kwa kichwa. Mwaka wa kwanza stoo ilipungua, nikadhani nimesahau kuhesabu. Mwaka wa pili tulifika msibani tukapika ugali kwa zamu, masufuria hayatoshi, waombolezaji wamekaa na njaa mpaka jua limepinda. Kila niliyemuuliza pale uziani alinijibu, "Lilipita kwa wafiwa, mama." Na hakuna aliyesema uongo! Msibani ni chombo gani kisichopita mlango wa wafiwa? Maji yanapita hapo, ugali unapita hapo, uji wa watoto unapita hapo. Nilikuwa nimesimama njiani na mdomo nimejiziba mwenyewe. Bibi mmoja mzee, hana hata meno, ndiye aliyenitoa ujinga. Alisema, "Wafiwa usiwaulize vyao. Vya wapishi, uliza."

Ilikuwa nimwambie mtoto palepale. Sikumwambia.

Nilijiambia, wewe bibi wa darasa la tatu, utamfundisha nini mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu? Huo ulikuwa uongo. Nilijua kama ninavyojua chumvi imezidi. Sikusema kwa sababu nikisema atalitibu, na akilitibu anarudi nalo.

Kesho yake asubuhi mwenyekiti wa wale wachimbaji alipiga simu. Mjukuu wangu aliiweka sauti ya nje, mikono yake ilikuwa kwenye waya.

"Dada, boksi letu vipi? Vijana wameshashuka."

"Wameshuka? Na hewa mnapimaje?"

"Kwa pua." Nyuma yake watu wakacheka.

"Shusheni kibatari!"

"Kibatari cha wapi siku hizi, dada? Watu wana tochi za kichwani. Ukiuliza kibatari dukani wanakuuliza kama umetoka makaburini."

Nikashindwa kuvumilia. "Pua ikishanusa, imeshachelewa."

"Nani huyo?"

"Bibi yangu."

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba. Tia mafuta kwenye kopo, weka utambi, kishuke kabla ya mtu. Mama zenu wako hai?"

"Wako hai, bibi."

"Basi wahurumie."

Akasema atafanya. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka simu ikatike. Mjukuu wangu alikata simu, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, labda niwaambie watafute mtu mwingine anayejua zaidi. Mimi nibaki. Kahama hapa nitapata hata kufundisha kompyuta."

Mungu anajua jinsi nilivyolitaka neno lile. Nilikuwa nimelingoja tangu siku alipobeba sanduku la bati kwenda bwenini. Nikamjibu, "Utaamua mwenyewe." Nikaingia ndani, nikafurahi kama mwizi.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Tulirudi kutoka kanisani, nikapika wali na kuku kwenye sufuria langu kubwa. Tukala, akalala kwenye mkeka kichwa kwenye paja langu, mchana mweupe, mdomo wazi kama alivyokuwa mdogo. Alipogeuka nikajitoa taratibu, nikaenda kuosha vyombo nyuma. Nililigeuza sufuria nilisugue masizi. Niliposugua, ile alama nyekundu ikajitokeza.

Nilikuwa nalijua sufuria lile. Sitaki kujifanya nilishangaa. Ni la kikundi. Lilitoka stoo siku binti yangu alipofariki, likapikia watu waliokuja kumzika, na siku hiyo mfiwa alikuwa mimi. Matanga yalipoanuliwa hakuna aliyeniuliza. Mtunza vyombo ndiye mfiwa, nani angemuuliza? Mimi mwenyewe sikujiuliza. Nilihama Ushetu na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na miaka yote hii nimelipikia. Kila mwaka nikasema msiba wangu haujaisha, waniache. Na kweli haujaisha. Lakini kuna wanawake kule wamepika kwa zamu kwa sababu ya sufuria hili, na mimi ndiye niliyekuwa nawasimamisha wenzangu uziani.

Nikamtazama yule aliyelala kwenye mkeka. Na yeye nilikuwa ninamficha vilevile, kwenye nyumba ileile isiyoulizwa. Na Geita watu wanashuka kwa pua.

Nikamwamsha kwa mguu.

"Mayu, amka." Mayu kwetu ni mama, ndivyo ninavyomwita. "Vipimo vyako vya hewa, kabla havijaonekana kwenye kioo, vinapita wapi?"

Akajifuta mate. "Bibi, leo Jumapili."

"Nimekuuliza."

"Programu ya kioo ndiyo inayoviita. Kila sekunde inaita kile nilichoandika mimi, inasema leta namba, mimi naazima nafasi, napima, nampa..." Akaketi. "Naazima nikiwa nimeitwa na kioo."

"Na nyumba ya kioo umesema isiulizwe."

"Wee bibi!"

"Ya kwao usiulize. Ya wapishi uliza."

Hakuvaa hata kandambili. Alifuta lile jina la nyumba nzima kwenye orodha, akaandika jina la chumba kimoja tu, pale kioo kinapochukua vile vyake vichache kikiwashwa. Akageuza programu. Safari hii hakuja kwenye mkeka. Tulisimama wote wawili nyuma ya meza. Ikalia tii. Akaiwasha, akaiacha ipime kidogo, akamwita mkaguzi.

Mkaguzi alisema! Alisema ukurasa kwa ukurasa, mistari inapanda mpaka macho yanauma, na yote mahali pamoja. Mjukuu wangu aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta akasoma, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Kumbe kipimo kikija kibaya, kile ambacho waya umetikisika hakisomeki, yeye alikuwa ameandika kirukwe, programu irudi ilikotoka. Inarudi mikono mitupu, na nafasi iliyoazimwa imeachwa hukohuko, haina mwenyewe. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: rudisha kwanza, ndipo uondoke.

"Mstari mmoja, bibi. Majuma manne."

"Mimi ilinichukua miaka miwili," nilimwambia. Halafu nikamwambia na lile jingine, kwamba nilijua tangu Ijumaa.

Aliniangalia kwa muda. Nilitegemea atakasirika, na ningempa haki yake. Alipitisha mkono wake kwenye mkono wangu, akaukumbatia kama zile siku za kitandani.

Akasema ataliacha boksi lifanye kazi siku saba bila kuguswa ndipo atakapoliamini. Siku ya nne, ile ya kuganda, niliamka nikaenda kulitazama kabla sijanawa uso. Nikasimama mbele yake kama mtu anayengoja majibu hospitali. Namba ikabadilika. Ikabadilika tena. Mdomo wangu ulisema asante Mungu, nao ulisema kweli. Moyo ulikuwa na lake. Siku ya saba akamwita mkaguzi mara ya mwisho, naye akakaa kimya, kimya cha haki sasa, si cha kuzibwa mdomo. Jioni ile alifungasha.

Nilimsindikiza mpaka stendi. Nilimfungia karanga na michembe kwenye kitambaa, akalalamika ni mizigo, akavichukua. Boksi alilipakata tena. Basi lilipogeuka sikupunga mkono, mimi si mtu wa kupunga.

Juma lililofuata nilikwenda Ushetu na sufuria. Mtunza vyombo wa sasa ni mama kijana, mkali, nilimpenda. Aligeuza sufuria, akatazama ile alama, akafungua daftari lake.

"Bibi, hili kwetu halimo."

"Najua. Niliyelitoa ni mimi."

"Lilikuwa wapi siku zote hizo?"

Ni mtu wa kwanza kuniuliza. Nikamwambia. Akalipokea kwa mikono miwili, akalipanga na wenzake.

Mjukuu wangu hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Boksi linapima, anasema, hawajashuka kwa pua tena. Naye ana mengine ya kutengeneza, maduara ni mengi, mwaka huu hadhani kama atapata nafasi ya kuja. Namwambia vizuri, fanya kazi. Nami nimebaki na sufuria dogo la ugali wa mtu mmoja. Linanitosha. Ila asubuhi nikiwa na mawazo naliweka jikoni, nalijaza maji mpaka mdomoni, maji ya watu wawili, ndipo nakumbuka nayamwaga nusu.